Vitabu vya Kumbukumbu vya Uganda

Mtoto aulizapo aliko marehemu, watu wazima wengi humwambia kwamba amesafiri. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama walioishi na virusi vya UKIMWI waliona kuwa jibu hilo halitoshi. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia walio wengi, na kila mgonjwa alijiuliza nani angewasimulia wanawe habari za kwao.

Chama chao, NACWOLA, kilichoundwa mwaka 1992, kiliwahimiza waandike vitabu vya kumbukumbu. Mama alimwandikia mtoto wake alikozaliwa, tabia zake za utotoni, ukoo wake na jamaa zake. Kurasa zilipambwa kwa picha za familia na michoro.

Kuandika hakukuwa sehemu ngumu kuliko zote. Kitabu kilimlazimu mama kuutaja ugonjwa kwa jina lake mbele ya mtoto, na kuamua mapema nani atamlea. Maswali yaliyokuwa yakinong'onwa baada ya mazishi sasa yaliulizwa mama angali hai, naye akayajibu mwenyewe.

Vitabu hivi havikuuzwa dukani. Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unatambua haki ya mtoto kuwajua wazazi wake kadiri iwezekanavyo. Akina mama wa Uganda waliitimiza haki hiyo kwa daftari na kalamu.