Uzima wa mto

Wanaikolojia wana neno la Kiingereza, "ecological integrity", la kusema kwamba mto haujapungukiwa kitu: maji yanatiririka, kingo zimesimama, viumbe wake wote wapo. Anayelifasiri kwa kutegemea kamusi peke yake hutoka na "uadilifu wa kiikolojia". Lakini mto hauli rushwa wala hauibi mtihani. Uadilifu tuwaachie binadamu. Wengi sasa huandika "afya ya mto", na halina ubaya. Mimi nashika "uzima wa mto". Mzima ni asiyeugua, ni aliye hai, tena ni kitu ambacho hakijamegwa, na hiyo maana ya tatu ndiyo inayobeba uzito, kwa sababu kipimo chenyewe kazi yake ni kutafuta nani hayupo.

Kwa Tanzania kipimo hicho kipo. Kinaitwa TARISS, kilichapishwa mwaka 2015 na mtafiti Lulu Kaaya na wenzake, na msingi wake ni SASS, kipimo cha aina hiyo hiyo cha Afrika Kusini. Kwa utaratibu wa SASS, mpimaji anaingia kijitoni na wavu wenye fremu ya sentimita 30 kwa 30. Anavuruga mawe kwa miguu kwa muda wa dakika 2 hivi, maji yakisukumia wavuni kila kilichobanduka. Anapitisha wavu kwenye majani ya kingoni, kisha kwenye changarawe, mchanga na tope. Alichopata anakimwaga kwenye sinia jeupe, anatambua familia za viumbe wadogo moja moja, halafu anawarudisha majini. Kila familia ina alama kati ya 1 na 15 kadiri isivyovumilia uchafu. Katika SASS, lava bapa wa Heptageniidae wanaong'ang'ania mawe kwenye maji ya kasi wana 13. Chironomidae wana 2: baadhi yao ni wale funza wekundu wa topeni, ambao wekundu wao ni hemoglobini, inayowawezesha kuishi mahali penye oksijeni haba. Minyoo ya Oligochaeta ina 1. Alama zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi ya familia, na wastani ndio unaosomwa.

Viumbe hao ndio viashiria hai. Chupa ya maji inayopelekwa maabara inasimulia saa ile tu ilipojazwa, ilhali lava aliyekaa chini ya jiwe kwa miezi amepitiwa na kila kilichomwagwa usiku. Wapo wanaowaita "wadudu wa majini". Kwa mwalimu wa biolojia hilo ni kosa, maana sinia lina konokono, kaa, ruba na minyoo pia, na mdudu wake yeye ana miguu sita. Mtaani maana ya mdudu ni pana zaidi ya hapo. Kwenye ripoti ningeandika viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo. Kijijini ningesema wadudu, kazi iendelee.

Sasa tukipeleke kipimo Geita, kwenye kijito kinachopita msituni. Miti inakipa kivuli kinachotuliza joto la maji, na majani yanayoanguka ndiyo chakula cha kwanza cha wakazi wake. Miti ikikatwa kwa ajili ya matimba ya kushikilia maduara, yaani mashimo ya wachimba dhahabu, au kwa mkaa, jua linaingia na ukingo unalegea. Mwalo wa kuoshea dhahabu ukiwekwa juu yake, tope laini linajaza nafasi kati ya mawe, na wenye alama za juu ndio wa kwanza kutoweka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo, na sinia linaweza kuonyesha kama mita hizo zipo kweli au zipo kwenye karatasi.

Zebaki ya wachimba dhahabu ni habari nyingine. Alama zikishuka, hazisemi kama kosa ni la zebaki, tope au samadi; na zikiwa nzuri hazimhakikishii mtu kwamba samaki ni salama, kwa kuwa zebaki hutulia kwenye tope, bakteria huigeuza, nayo hupanda kutoka mdomo hadi mdomo. Ndiyo maana utafiti wa Rwamagasa, huko huko Geita, uliochapishwa mwaka 2005 ulipima tope la mtoni, udongo, marudio (mabaki ya kuoshea dhahabu) na samaki. TARISS haikuundwa kuchukua nafasi ya maabara.

Shinyanga, jirani ya Geita, nayo ina mtego wake. Mito mingi huko hukauka kiangazi, na lava anayehitaji maji ya kasi mwaka mzima hakuwahi kuwamo, mgodi uwepo usiwepo. Ukiupima mto kama huo kwa alama za kijito cha milimani kisichokauka, utautangaza mgonjwa bure. Wa kuufananisha nao ni mto wa msimu ulio jirani, wenye udongo kama wake, usio na mialo wala mashamba hadi ukingoni, na upimwe baada ya mvua kutulia, wakati maji yangali yakitiririka. Kuupata huo mto ndiyo kazi ngumu kuliko kuhesabu familia kwenye sinia.