Taco ya nyumbani: kazi yote iko kwenye mahindi

Taco ni chakula cha Meksiko: chapati ndogo ya mahindi, inayoitwa tortilla, inakunjwa kwa mkono juu ya nyama, maharagi ao mboga, pamoja na pilipili. Wengi wanawaza ya kama utamu wake unatoka kwenye nyama. Wapishi wa Meksiko wenyewe wanaanzia kwenye mahindi.

Mtu akichukua unga wa bukari, akauchanganya na maji na kuusukuma kama chapati, itapasuka wakati wa kukunja. Unga hauna kosa, ila mahindi yake hayakupita kwenye chokaa. Huko Meksiko mahindi makavu yanapikwa kwanza ndani ya maji ya chokaa, na mahindi hayo yanaitwa nixtamal. Ni neno la Kinahuatl lenye kubeba ndani yake jina la majivu, maana wazee walitumia majivu pia. Chokaa inalegeza ganda la punje, na donge linashikamana.

Tena kuna jambo kubwa kuliko utamu. Mahindi yana vitamini B3, lakini imefungwa, mwili haiipati vizuri. Chokaa inaifungua. Mahindi yalipotoka Amerika kuja Ulaya na Afrika, punje zilisafiri, chokaa ikabaki. Watu wanaokula mahindi karibu matupu kwa miezi wanaweza kushikwa na pelagra: ngozi inababuka sehemu zenye kupigwa na jua, mtu anaharisha, akili inachanganyikiwa, na bila matunzo anakufa. Mwaka 1990 iliwapiga wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga kukosekana kwenye msaada wao wa chakula. Anayekula bukari pamoja na karanga, samaki ao nyama hana sababu ya kuogopa. Yule ambaye sahani yake ni bukari na majani kidogo, kila siku, ndiye wa kuangaliwa.

Kwa kilo 1 ya mahindi makavu, lita 3 hivi za maji na gramu 10 za chokaa zinatosha, karibu kijiko kimoja cha mezani. Iwe chokaa ya chakula, iliyozimwa tayari. Ile ya kupaka ukuta hapana, inaweza kuwa na uchafu. Na chokaa isiyozimwa inaunguza ngozi na macho. Sufuria ya aluminiamu, ile iliyoko karibu katika kila jikoni, nayo haifai, kwa sababu chokaa inaikula. Chungu cha udongo ao sufuria ya enameli isiyobanduka ni sawa.

Mahindi yanachemka kwa moto mdogo kama dakika 40, mpaka ganda litoke likisuguliwa kwa vidole. Yanalala ndani ya maji yale yale usiku mzima. Asubuhi yanaoshwa vizuri na kusagwa yakiwa bado na maji, kwenye jiwe ao mashine ya mkono. Mashine ya unga ya sokoni haifai hapa, inasaga vikavu.

Donge linatiwa chumvi kidogo, linakatwa vipande vya ukubwa wa yai dogo, na kila kipande kinabanwa katikati ya plastiki mbili safi kwa sahani nzito. Kikaango kiwe cha moto sana, bila mafuta. Dakika moja kila upande, kisha inageuzwa tena. Ikivimba katikati, donge lilikuwa zuri. Zinafungwa ndani ya kitambaa zisikauke.

Asiyepata chokaa asijilaumu. Kaskazini mwa Meksiko watu wengi wanatumia unga wa ngano, kwa hiyo chapati nyembamba si udanganyifu.

Ya ndani ni kazi nyepesi: nyama ya ng'ombe iliyochomwa kwa makala makali na kukatwa vidogo, ao maharagi mazito. Juu yake tomati mbichi, kitunguu, pilipili na ndimu. Kidogo tu, maana taco iliyojazwa sana inamwagikia kwenye nguo. Nyama inaiva kwanza, tortilla zinafuata, na watu wanakula mpishi akiwa bado kwenye babula.