Barabara Zote za Filamu Zetu Huishia Nairobi

Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985, ilirekodiwa hapa Kenya na kunyakua Oscar 7. Vilima vya Ngong vilionekana kwa uzuri wake wote; wenyeji wakabaki watumishi.

Wasanii wetu waliposhika kamera, mwenyeji alipanda cheo akawa msafiri. Katika Saikati (1992) ya Anne Mungai, msichana Mmaasai anakataa kuozwa na kutorokea Nairobi. Jiji linamwonyesha raha, kisha linamwonyesha bei yake: binamu aliyempeleka huko anaishi kwa kuuza mwili.

Miaka 20 baadaye, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga inampakia Mwas kwenye basi. Ushago anauza filamu na kuigiza mastaa wake. Kufika Nairobi tu, anaporwa kila kitu, halafu anajipata seli akisafisha choo. Sikiza lugha pia: Kikikuyu nyumbani, Sheng gengeni, Kiingereza kwenye thiata. Kila ngazi ya maisha ina lugha yake, na Mwas lazima ajifunze zote ndio atambulike kama mtu. Hii ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuwahi kupeleka kuwania Oscar.

Poa. Lakini mbona safari inaanzia karibu na jiji kila mara? Mandera je?

Watu Wote (2017) iligeuza basi likaelekea huko. Inasimulia kisa cha Desemba 2015, Waislamu walipowakinga abiria wenzao Wakristo dhidi ya al-Shabaab. Iliteuliwa kuwania Oscar, na waigizaji wengi ni Wakenya. Walioitengeneza, hata hivyo, ni wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani. Na hata humo, tunaiona kaskazini kwa macho ya mgeni mwenye hofu, siku ya risasi.

Siku zile nyingine hatuzioni: foleni ya maji, harusi, mwanafunzi anayesubiri kitambulisho huku wenzake wa Nyeri wameshapata. Umaskini wa Mwas tunaujua kwa sababu tumekaa naye saa nzima na zaidi. Wa Mandera tunausoma kwenye habari, kisha tunausahau.

Watu wa kaskazini wakisafiri kuja Nairobi, wengi bado husema wanaenda “Kenya”. Filamu zetu, kwa kutowaweka ndani, zimekuwa zikikubaliana nao.