Nembo ya Taifa ya Tanzania

Nembo ya Taifa ya Tanzania ni alama rasmi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Huitwa pia Ngao ya Taifa, na wananchi wengi huijua kwa jina la "Bibi na Bwana" kutokana na picha ya mwanamke na mwanamume walioishika. Pamoja na bendera na wimbo wa taifa, ni miongoni mwa alama kuu za nchi.

Historia

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na nembo yake yenyewe, iliyobeba maneno "Uhuru na Umoja". Baada ya muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, nembo ilirekebishwa ili ioneshe nchi mpya. Maneno yale yalibaki, na ndani ya ngao ikawekwa bendera ya Muungano.

Muundo na maana yake

Katikati pana ngao ya shujaa iliyogawanywa katika sehemu nne, kuanzia juu hadi chini:

- Sehemu ya kwanza ina rangi ya dhahabu, ishara ya madini ya nchi. Juu yake umechorwa mwenge unaowaka, ambao ni alama ya uhuru, mwanga na elimu.
- Sehemu ya pili ni bendera ya taifa. Kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, buluu ni maji, na mistari ya njano ni madini.
- Sehemu ya tatu ni nyekundu, nayo huwakilisha udongo wa Afrika wenye rutuba. Hapo kuna shoka na jembe vilivyopishana, zana ambazo wananchi huzitumia kujenga nchi. Mkuki uliosimama ni alama ya ulinzi wa uhuru.
- Sehemu ya nne ina mawimbi ya buluu na nyeupe, yanayowakilisha bahari, maziwa na pwani.

Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, mrefu kuliko yote Afrika. Usiku wa kuamkia uhuru, Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge wa Uhuru kileleni mwa mlima huo. Hivyo mwenge na mlima, vilivyokutana usiku ule, vimo vyote viwili katika nembo.

Pembeni mwa ngao kuna pembe mbili za ndovu, moja imeshikwa na mwanamume na nyingine na mwanamke. Miguuni mwa mwanamume pana mkarafuu na miguuni mwa mwanamke pana mpamba. Wawili hao huonesha ushirikiano. Karafuu ni zao kuu la Unguja na Pemba, na pamba ni zao la biashara la Bara, kwa hiyo mimea hiyo hukumbusha pande mbili za Muungano. Chini kabisa ni utepe wenye maneno "Uhuru na Umoja".

Jembe na shoka, si jembe na nyundo

Mara nyingi watu huchanganya nembo hii na alama ya Chama Cha Mapinduzi, chama kilichoundwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP. Alama ya chama hicho ni jembe na nyundo. Nembo ya Taifa ina jembe na shoka, nayo ni ya Watanzania wote, wenye chama na wasio na chama.

Mchoraji

Suala la nani aliyeichora nembo limezua mjadala. Francis Kanyasu, aliyejulikana zaidi kama Mzee Ngosha, alisema kuwa alishiriki kuichora. Habari zake zilienea mwaka 2017, alipopatikana akiishi katika hali duni huko Buguruni, Dar es Salaam, akiwa mgonjwa. Alifariki Mei mwaka huohuo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wako wengine pia waliojitokeza kudai kazi hiyo. Mjadala huo uliwakumbusha wengi kuwa alama inayoonekana kila siku inaweza kudumu huku jina la aliyeichora likisahaulika.

Matumizi

Nembo huonekana kwenye pasipoti, noti, nyaraka za serikali, na katika mahakama na ofisi za umma. Matumizi yake yanalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971, na haitumiwi kwa biashara bila kibali cha serikali.