Milango ya kamera ya nyumbani

Mfanyabiashara wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, akishafungiwa kamera dukani, fundi humwachia programu kwenye simu na ukurasa wa mipangilio ambao pengine hataufungua kamwe. Maneno mengi ya ukurasa huo yamekwisha kupata Kiswahili chake. Mipangilio inaeleweka Kenya na Uganda. Nywila imeingia, ingawa mpakani wengi bado wanasema neno la siri. Rauta ni rauta. Vitabuni inaitwa kipanganjia, nalo ni jina zuri. Linalosumbua ni neno la Kiingereza port. Ukiiachia mashine ikutafsirie, unaweza kuletewa “bandari”, na mtu wa Busia au Tororo akisikia bandari anawaza Mombasa, yanakotoka malori yanayopanga foleni Malaba. Analiruka. Linaniuma hilo, kwa sababu hapo hasa ndipo usalama wa kamera unapoamuliwa.

Kila kifaa kilichoungwa kwenye rauta kina anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.64. Hiyo ni anwani ya ndani ya nyumba. Jirani anaweza kuwa na ileile kwake na msigongane. Anwani peke yake haitoshi, kwa kuwa kifaa kimoja hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila kazi hupewa namba yake ya kupitia, nayo ndiyo port, kuanzia 0 hadi 65535. Ukurasa wa mipangilio kwa kawaida hupitia 80, na video ya moja kwa moja hupitia 554. Kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kinafanana na hivyo: mahali ni pamoja, lakini lori la mizigo halipiti anapopita mama mwenye kikapu cha samaki.

Ndiyo maana nasema tuite mlango. Mafundi wanasema “poti”, na kati yao linatosha, ila halimwambii kitu mwenye duka. Mlango hufunguliwa, hufungwa, hulindwa, na hakuna anayehitaji kufundishwa hayo. Tena Kiswahili kinatupa nafasi ya kutenganisha vitu ambavyo Kiingereza kimevichanganya: pale unapochomeka waya tuite tundu, na ile namba isiyoonekana kwa macho tuite mlango. Fundi akikwambia “mlango wa 554 uko wazi”, hutatafuta nyuma ya rauta.

Ukitaka kutazama duka lako la Busia ukiwa Tororo, kuna njia ya zamani inayoitwa kuelekeza mlango. Rauta inaamriwa kwamba atakayebisha kutoka nje kwenye namba fulani apelekwe moja kwa moja kwenye kamera. Inafanya kazi, lakini anayeweza kubisha si wewe tu. Zipo programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu milango, na zikifunguliwa hujaribu nywila za kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na vifaa vingi vya nyumbani kwa njia hiyo. Mwingereza Daniel Kaye aliunda jeshi lake la vifaa vilivyotekwa kwa Mirai, akaishambulia kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia. Mahakama ya London ilimfunga miezi 32 Januari 2019. Wenye vifaa walikuwa watu wa kawaida, waliolala wakijua kamera inawalinda.

Angalia pia herufi UPnP kwenye rauta. Zikiwa zimewashwa, kamera inaweza kujifungulia mlango yenyewe bila kukuuliza. Zima.

Wengi mpakani hawana waya wa intaneti. Wanatumia rauta ya laini ya simu. Hapa kuelekeza mlango mara nyingi hakufaulu hata ufanyeje, kwa kuwa kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Usimlipe fundi siku nzima akihangaika na namba. Kamera nyingi za sasa zina msimbo wa QR ubavuni. Ukiupiga picha kwa programu, kamera yenyewe hutoka kwenda kwenye seva ya kampuni yake, nawe unaikuta huko bila kufungua mlango wowote. Gharama yake ni kwamba picha zako zinaweza kupitia kwa mtu mwingine, kwa hiyo nywila yako kwenye programu hiyo iwe ndefu, na isiwe namba ya simu.

Kamera yenye laini ndani yake ina shida nyingine ya mpakani. Mawimbi hayajui mpaka. Laini ya Kenya iliyo mita chache kutoka Uganda inaweza kudaka mnara wa ng'ambo, na data ikakatika au ikatozwa bei ya ugenini. Chagua mtandao kwa mkono, usiiache kamera ijichagulie, na uzime data ya ugenini.

Jambo la mwisho ni saa. Kamera nyingi hutoka China zikiwa na saa za huko, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Mwizi aliyeingia saa tatu na dakika kumi usiku ataandikwa 02:10 ya kesho yake, na polisi watakuuliza ni siku gani hasa. Weka GMT+3, inafaa pande zote mbili za mpaka.

Fundi, kabla hujapanda bodaboda kuondoka, mwandikie mteja kwenye karatasi kwa Kiswahili: milango iliyo wazi ni ipi, na kwa nini. Nawe mwenye duka, fungua mipangilio ya rauta leo. Ukikuta mlango ambao hakuna anayeweza kukueleza kazi yake, ufunge, kisha ubadilishe nywila iliyokuja na kamera.