Msimu, Si Muhula

Kijitabu cha michezo kilichonifikia hapa Bulengera, Butembo, kinasimulia mwanzo wa klabu ya TP Mazembe, na katika ukurasa wa pili nimekuta "muhula wa mpira wa 1939". Nikakifunga. Nilipokifungua tena, mistari michache chini kulikuwa na "kipindi cha 1939", kisha "majira". Mwandishi mmoja, ukurasa mmoja, kitu kimoja, majina matatu!

Habari yenyewe ni tamu. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliwaundia timu wanafunzi ambao hawakuwa wakielekea upadri, wakaiita Saint-Georges. Ikaingizwa moja kwa moja daraja la kwanza, na mwisho wa msimu ikashika nafasi ya tatu. Watoto wa shule, mwaka wao wa kwanza! Halafu mtu aniambie walimaliza muhula. Muhula ni wa darasa na mitihani. Kwa asili yake ya Kiarabu ni muda wa kungojewa, kama anaopewa mdaiwa. Kipindi mpirani ni dakika 45. Majira asili yake ni mkondo, mwendo wa chombo baharini. Hayo nayaachia mvua.

Msimu latoka mawsim, la mzizi w-s-m, yaani kutia alama, kama mfugaji anavyomchoma ng'ombe chapa. Waarabu waliita hivyo wakati uliotiwa alama: wa hija, wa soko, wa pepo. Wareno wakalichukua likawa monção, na kupitia kwao lugha nyingi za Ulaya zikapata jina la pepo zile zile zilizoleta majahazi Zanzibar. Neno lililovuka bahari namna hiyo lishindwe na milima ya Butembo?

Ndivyo anavyodai mwenzangu mmoja aketiye katika kamati fulani ya istilahi (mimi sikualikwa, na barua yangu haikujibiwa). Ati msimu lina chumvi ya pwani. Hapa hatuna kusi wala kaskazi. Tuandike sezoni, kama vijana wanavyosema. Sezoni silichukii. Ila bwana huyo angejisumbua na Kilatini angeona kwamba saison ya Wafaransa ilianza kama satio, kupanda mbegu. Basi na amwendee mama yeyote wa Bulengera mwezi wa tisa, ameinama na jembe na maharage yake katika kile ambacho waagronomu hukiita sezoni A, amwulize kama wakati hauna alama. Mvua inajibu kabla yake. Na siku zizo hizo, kwenye kiwanja kilicho juu ya shamba lake, wavulana wanamwaga majivu kwa kopo lililotobolewa kuchora mistari ya shampiyona mpya: weupe mwembamba juu ya udongo mwekundu, na mtoto mmoja nyuma akifuta palipopinda. Alama juu ya ardhi. Hiyo ndiyo w-s-m, bwana mkubwa.

Matumizi ni mepesi: msimu wa 1939, katikati ya msimu, misimu miwili, msimu wa 2023-2024 unaovuka mwaka.

Nasikia nakala nyingi za kijitabu hicho bado hazijatiwa jalada. Mchapaji, tafadhali, ukurasa wa pili tu.