Ruaha Mkuu haukukaushwa na ndege

Ndege zinazotoka Nairobi, Addis Ababa na nchi za Ghuba kwenda Johannesburg hukata anga la Tanzania zikiwa kilomita kumi hadi kumi na mbili juu, na baadhi huacha nyuma mistari mirefu myeupe inayoonekana hata na mkulima aliyeinama jarubani. Ubishi kuhusu mistari hiyo, iwapo inabadili hali ya hewa na kuvuruga mvua, umedumu duniani kwa miongo kadhaa. Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, ina sababu ya pekee ya kuusikiliza. Mji huu umekaa katika bonde la Usangu, na tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya bonde hilo, umekuwa ukikauka kiangazi huko chini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto unapokauka, mtuhumiwa hutafutwa, na anga ni mtuhumiwa mzuri kwa kuwa haliwezi kufika barazani kujitetea. Ndege zina athari ya kweli kwa hali ya hewa, na si haki kumcheka anayeuliza. Lakini ukifuata historia ya Usangu hatua kwa hatua, utakuta maji yalipotelea huku chini, si angani.

Tuanze na mistari yenyewe. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya mvuke wa maji, pamoja na masizi. Mvuke huo ukikutana na hewa yenye baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, huganda juu ya chembe za masizi na kuwa barafu laini. Mjerumani Ernst Schmidt alieleza kanuni hiyo mwaka 1941, na Mmarekani Herbert Appleman akaiendeleza mwaka 1953. Elimu hii ilisukumwa na vita, kwa sababu rubani anayechora mstari angani anamwonyesha adui alipo. Hewa ikiwa kavu, mstari hufutika upesi. Ikiwa na unyevu mwingi, mstari hutanuka na kuwa utando wa mawingu membamba unaoweza kukaa saa kadhaa. Huku kwetu karibu na ikweta baridi hiyo hupatikana juu zaidi kuliko Ulaya, kwa hiyo ndege nyingi hupita bila kuacha alama yoyote.

Utando huo huzuia sehemu ya jua mchana, na usiku huzuia joto la ardhi lisitoke. Mizania yake ni kuongeza joto. Ushahidi uliosikika zaidi ulitoka Marekani, ndege za abiria zilipozuiwa kuruka kwa siku tatu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. David Travis na wenzake waliandika mwaka uliofuata kwamba tofauti kati ya joto la mchana na la usiku iliongezeka kwa zaidi ya nyuzi moja katika siku hizo. Wengine wakapinga, wakisema anga lilikuwa na mawingu machache ya chini wakati huo, na hilo peke yake lingetosha kuleta tofauti hiyo. Ubishi huo haujaisha. Kilicho imara zaidi ni hesabu ya jumla iliyochapishwa mwaka 2021: usafiri wa anga unachangia takriban asilimia 3.5 ya nguvu ya binadamu inayopasha dunia joto, na mistari pamoja na utando wake ndiyo sehemu kubwa kuliko hata hewa ya ukaa ya ndege hizo. Hayo ni mambo ya joto la dunia nzima. Kutoka hapo hadi kudai kwamba mstari uliopita juu ya Mbarali umeinyima Mbarali mvua ni safari ndefu, na hakuna aliyefika mwisho wake.

Kalenda nayo inatoa ushahidi. Mwaka 1949 ukame mkali uliipiga Tanganyika, njaa ikaingia Ugogo, na mradi wa karanga wa Waingereza kule Kongwa ukazidi kuyumba. Wakati huo hapakuwa na ndege hata moja ya injini za jeti iliyokuwa ikisafirisha abiria duniani. Ya kwanza, Comet ya Uingereza, ilianza safari zake Mei 2, 1952 kutoka London kwenda Johannesburg, ikitua Entebbe na kisha Livingstone. Yaani usafiri wa jeti ulizaliwa ukipita Afrika Mashariki. Kama ndege hizo zilifukuza mvua, miaka iliyofuata ingekuwa mikavu. Badala yake, mwishoni mwa 1961 zilinyesha mvua ambazo zilipandisha Ziwa Victoria kwa kiwango ambacho wazee wa kandokando yake hawakupata kukiona. Mtu anaweza kujibu kwamba ndege za wakati ule zilikuwa chache mno. Basi tutazame 2020, corona ilipozishusha nyingi. Ni kweli mwaka huo ulikuwa na maji mengi, na Ziwa Victoria lilivunja rekodi mwezi Mei. Lakini mvua zile zilianza Oktoba 2019, miezi mitano kabla ndege hazijasimama, na chanzo chake kilikuwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi uliopata joto kupita kawaida. Jambo kama hilo lilitokea mwaka 1961 pia.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwa maoni yangu una uzito kuliko wote, nao unatoka kwa waliojaribu kuibadili mvua kwa makusudi. Mapema miaka ya 1950 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, chini ya D. A. Davies, ilifanya majaribio ya kuchochea mvua, yakiwamo ya Kongwa palepale karanga ziliposhindwa. Davies baadaye aliliongoza Shirika la Hali ya Hewa Duniani kama katibu mkuu kuanzia 1955 hadi 1979, kwa hiyo hakuwa mganga wa kienyeji. Hata hivyo matokeo ya Kongwa hayakuifanya serikali iyategemee. Kericho, kwenye mashamba ya chai ya Kenya, walirusha roketi kwenye mawingu ili kupunguza mawe ya mvua, na baadaye wakatumia ndege zenye iodaidi ya fedha. Ubishi juu ya mafanikio yake ulibaki. Kisha ukaja ukame wa 2006: Bwawa la Mtera likashuka, mgawo wa umeme ukaingia, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akazungumzia kuomba utaalamu wa Thailand, ambako Mfalme Bhumibol aliasisi mradi wa kutengeneza mvua uliojaribiwa mara ya kwanza mwaka 1969. Mvua ya Thailand haikufika. Sasa, kama wataalamu waliolenga wingu kwa dawa iliyochaguliwa wanashindwa kuthibitisha kwamba wamelibadili, moshi unaopita kilomita kadhaa juu ya wingu la mvua utalibadili kwa nguvu gani?

Wapo watakaosema ndege zimewahi kuonekana zikiangusha theluji, na hilo ni kweli. Ndege ikipenya wingu lenye matone yaliyopoa sana bila kuganda, inaweza kuyagandisha na kutoboa tundu la mviringo, na barafu ikaanguka chini yake. Hayo hutokea zaidi karibu na viwanja vya ndege, katika eneo dogo, na huleta mvua badala ya kuizuia. Wengine husema ile si mistari ya mvuke, ni sumu inayopuliziwa watu kwa siri. Mwaka 2016 wataalamu 77 wa anga na kemia waliulizwa kama wamewahi kukuta ushahidi wa mpango kama huo, na 76 walijibu hapana.

Turudi Usangu. Kati ya 1999 na 2001 mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza, ulipima maji ya bonde zima. Haukukuta upungufu wa mvua unaoweza kueleza kukauka kwa mto. Maji ya masika hayakuwa yamepungua kwa kiasi cha kutisha. Yaliyopungua ni ya kiangazi, yale yanayotiririka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto wakati hakuna anayetarajia mvua. Hapo ndipo kesi ya ndege inapoanguka, kwa kuwa mwizi wa mvua angeiba masika. Maji ya kiangazi yalichukuliwa na mabanio. Mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga, kisha mradi wa wakulima wa Madibira, pamoja na mabanio ya zege yaliyochukua nafasi ya yale ya miti na majani, yaliwezesha mifereji kuvuta karibu mto wote hata maji yakiwa kidogo. Mpunga ukishavunwa, malango mengi hubaki wazi. Maji huzagaa kwenye majaruba matupu na kupotea kwa jua kabla ya kufika kinamasi cha Ihefu.

Pingamizi linalostahili heshima ni la anayesema dunia imepata joto, ndege zimechangia, na joto hukausha maji. Nakubali yote matatu. Lakini sehemu ya ndege ni ndogo, na hakuna banio la Mbarali litakalofungwa kwa kuilaumu. Gharama ya kumkamata asiyehusika tumeishaiona. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wakilaumiwa kwa kukausha mto, wengine wakapelekwa hadi mkoa wa Lindi, na mwaka 2008 eneo lao likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe waliondoka, mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi huko London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Ahadi hiyo bado inadaiwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na vyama vya wamwagiliaji wa Mbarali wanajua kila banio lilipo. Wafunge malango mpunga unapovunwa.